Mkwe wa Langoni

Siku fundi pancha alipotoka nje na sare mpya ya kujitolea, mtaa ulimpokea kama bwana harusi aliyekosea nyumba. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu msitu nusu uwanja, akaja kusimama mlangoni, mashine bado inanguruma mkononi.

"Haya jamani, tumepata waziri!" alipaza sauti. "Mheshimiwa, shida zetu unazijua, au tukukumbushe?"

"Cheka tu," fundi alimjibu huku akijinyoosha kola. "Michezo ikianza, wageni watajaa hapa. Utanyoa vichwa mpaka mikono ife ganzi. Ndipo utanikumbuka."

"Hao wageni wanakuja na vichwa vyao vimeshanyolewa, ndugu yangu. Mteja wangu ni huyu hapa, na ameanza kulia."

Watu walivunjika mbavu. Fundi naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Lakini moyoni alikuwa na uhakika wake. Tangu siku ilipotangazwa kwamba mji wao umepewa mashindano yale makubwa, yale ambayo nchi nzima nzima huyagombania, yeye ndiye aliyekuwa wakili wake pale mtaani, wakili asiyelipwa. Uwanja ulipoanza kuota ng'ambo ya barabara, akasema hiyo ni neema. Vumbi la ujenzi lilipoingia mpaka kwenye vyungu, akasema hiyo ni harufu ya maendeleo. Hata walipokuja kusafisha kando ya barabara, na kitu cha kwanza kuondolewa kikawa benchi lake mwenyewe, pampu yake na lile beseni la maji la kutafutia matundu ya tyubu, alimeza mate akasema ni kwa muda tu.

Halafu likaja tangazo la kujitolea. Hakuna malipo, ila watakaofanya vizuri wangefikiriwa kwanza kwa kazi za kudumu pale uwanjani. Fundi akajiandikisha kabla wino wa tangazo haujakauka.

Sare yenyewe ilinyooshwa na mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi chumba cha nyuma. Bibi huyo aliishi kwa pasi ya mkaa. Nusu ya mashati ya mtaa yalipita mikononi mwake, na aliweza kukwambia nani ameongezeka kitambi kabla mwenyewe hajajua. Wanaume wengi humwogopa mama mkwe kama kodi. Fundi na wa kwake walitaniana kama mtu na shemeji yake. Bibi alimwita "mkwe" kwa sauti ya kuvuta, kama anayemwita kuku aliyetoroka, na fundi akisikia sauti hiyo anajua ama kuna chai, ama kuna kazi, ama kuna dhihaka, na mara nyingi yote matatu kwa pamoja.

"Mkweee! Njoo uchukue suruali yako. Nimeitia mkunjo unaokata nyama. Ukipiga goti vibaya utajichinja."

Jambo moja tu lilikuwa limeingia doa. Mtaa wote ulikuwa ndani ya uzio wa usalama, na kila mkazi alitakiwa kuwa na kadi ya kumruhusu kurudi nyumbani kwake. Fundi ndiye aliyekwenda kuandikisha nyumba yake. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, karani amechoka. Akataja mkewe, akataja binti zake wawili. Karani akauliza, "Mwingine?" Fundi akasema, "Basi." Mama mkwe alimtoka kichwani kabisa, kama mtu anavyosahau miwani iliyo usoni pake. Alipogundua, uandikishaji ulikuwa umefungwa.

"Usijali, mkwe," bibi alimwambia. "Mimi tangu leo ni mzimu. Mizimu haisimami langoni."

Fundi akacheka, na doa akaliona limefutika.

Lango alilopangiwa lilikuwa mdomoni mwa mtaa wao wenyewe, na hilo halikuwa bahati nasibu. Waliwekwa watu wa pale kwa makusudi, ili mkazi asiye na kadi aweze kupita ikiwa mjitoleaji atasema anamjua. Utaratibu mzuri, ila ulikufa mapema. Mwenzake mmoja, jirani mrefu aliyekuwa dereva wa mkokoteni, alianza kujua watu kupita kiasi. Mara huyu shangazi, mara huyu binamu, mara huyu tumenyonya ziwa moja. Baadaye hao mashangazi wakakutwa mbele ya uwanja wanauza bendera. Yule mrefu akavuliwa shati la sare palepale, akarudi nyumbani na fulana, mtaa mzima ukimwangalia.

Msimamizi wa lango, mwanamke kijana mwenye redio ya mkononi isiyonyamaza, ambaye wao walimwita Dada Redio, aliwakusanya waliobaki.

"Kuanzia sasa, ukisema unamjua mtu, unamjua kwa kazi yako. Mmenielewa? Ndugu zenu wakae na kadi zao." Kisha akamgeukia fundi, akalegeza sauti. "Wewe jina lako nimelipeleka juu. Usiniangushe."

Fundi alirudi kwenye nafasi yake akijiona ameongezeka kimo.

Kesho yake asubuhi bibi alikwenda zahanati. Miguu ilikuwa imemvimba. Kutoka hakukuhitaji kadi, na binti yake, mke wa fundi, ambaye ni mshonaji, alimtoa wasiwasi wa kurudi: "Mkweo si ndiye yuko langoni?"

"Kweli kabisa," bibi alisema. "Serikali yangu iko pale."

Jua lilikuwa limeshakolea aliporudi. Wakati huohuo walikuwa wamewasili wakubwa fulani wa mashindano, vitambulisho vimening'inia shingoni kama hirizi, na mpiga picha akirudi kinyumenyume mbele yao. Wajitoleaji wengine wamepelekwa uwanjani; Dada Redio amesimama mguu sawa. Fundi ametoa tabasamu lile walilofundishwa, la meno ya juu tu.

Mara akamwona. Bibi anakuja katikati ya barabara, maana kando kumewekwa maua. Amevaa viatu vya marehemu mumewe, ndivyo pekee vilivyoikubali miguu ile, kamba zinaburuta. Mkononi mfuko wa dawa. Kanga ya kichwani imekwenda upande. Na kabla fundi hajapata hata nafasi ya kumwomba kwa macho, sauti ile ya kumwita kuku ikapasuka.

"Mkweee! Mbona umesimama hivyo, umemeza ufagio?"

Wakubwa wakageuka. Kamera ikageuka. Mmoja wa wageni akacheka, cheko la upole tu, lisilo na ubaya. Lakini fundi lilimwingia kama mwiba kwenye tairi. Aliona viatu vile. Aliona kamba zile. Akaona shati lake linavyovuliwa mbele ya watu.

"Kadi yako, mama," Dada Redio alisema.

"Sina, mwanangu. Mimi nakaa palee, mlango wa kijani. Muulize huyo."

Dada Redio akamgeukia fundi. "Unamjua?"

Ilikuwa kufumba na kufumbua. Baadaye fundi alijaribu mara nyingi kuirefusha dakika ile, atie ndani yake sababu, atie mkewe na watoto na benchi lililoondolewa. Haikukubali kurefuka.

"Simjui," alisema.

"Mbona anakuita mkwe?"

"Wazee wa huku ndivyo walivyo, dada. Kila kijana kwao ni mkwe."

Alisema akiangalia maua. Alipoinua macho, bibi alikuwa akimtazama. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alimtazama kama mtu anayesoma namba ya nyumba na kukuta amepotea kwa mlango mmoja.

"Ni kweli," bibi alimwambia Dada Redio taratibu. "Macho yangu yameharibika. Nimemfananisha. Huyo wangu wanafanana sana, ila yule ana adabu."

Akasogea kando, akajishusha kwenye ukingo wa barabara, chini ya bango kubwa lililoandikwa KARIBUNI NYUMBANI. Akanyoosha ile miguu.

Fundi aliendelea na kazi. Karibuni sana. Njia ni hii. Karibuni sana. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine aliyekodiwa. Wageni walipita, na kila aliyepita alimwona yule mzee juani. Mwanamke mmoja mgeni, mwekundu kwa joto, alimshika fundi mkono, akamwonyesha bibi, kisha akamwonyesha chupa ya maji. Hakuhitaji mkalimani. Dada Redio akasema haraka, "Mpelekee mama maji, wageni wanaona."

Kwa hiyo akapeleka. Hatua zile chache zilikuwa ndefu kuliko barabara yote. Alipofika akainama, hakujua ainame kiasi gani.

"Maji, mama."

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie." Bibi alipokea kwa mikono miwili, kwa heshima yote, kama anavyopokea mtu kutoka kwa mgeni. Akanywa kidogo. "Una mama, wewe?"

"Alishafariki."

"Pole. Na mama mkwe je?"

Nyuma yake redio ilikuwa ikikoroma. "Ninaye."

"Msalimie," bibi alisema. "Msalimie sana."

Aliyekuja kumwokoa bibi ni binti yake, yule mshonaji. Mteja mmoja alimpelekea habari kwamba mama yake amekaa barabarani kama mzigo uliosahauliwa, akaja mbio, futi ya kupimia bado iko shingoni, kadi mkononi. "Huyu ni mama yangu, anakaa kwangu!" Akamgeukia mumewe, macho yamemtoka, mdomo umeshafunguka. Lakini mama yake alimshika mkono, akaubana.

"Twende, mwanangu. Tusimharibie kazi kijana wa watu."

Wageni wakiwa wanaona, Dada Redio alikubali kadi moja kwa wote wawili. Wakapita. Dada Redio akamtazama fundi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kazi hii ina mitihani, eh?" akasema. Fundi akakubali kwamba ina mitihani.

Jioni aliporudi nyumbani alikuwa amejiandaa kwa vita. Hakukuta vita. Mkewe alikuwa anashona, na mashine ilikuwa inakimbia kuliko kazi iliyokuwa mbele yake. Bibi ndiye aliyeinuka.

"Karibu, kijana, karibu. Kaa hapo kwenye mto, kiti hicho kingine kina msumari. Utakunywa chai?"

Akaletewa chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye ua, chenye kisahani chake. Fundi hakuwahi kunywea kikombe kile tangu aoe.

"Mama," alianza, "leo pale..."

"Umekosea mtu, mwanangu. Sisi hatujuani." Alisema kwa upole kabisa, akashusha sauti kidogo. "Na ni vizuri hivyohivyo. Jina lako limepelekwa juu. Wakijua unanijua, utamwaga unga."

Akadhani ni utani wa siku moja. Ukawa wa siku zote. Asubuhi bibi alimsalimia kama mpangaji wa jirani. Chakula alitengewa kwanza, tena kwenye sahani nzuri. Akinyanyua ndoo kwenda kuteka maji, bibi anaipokea: "Mgeni hafanyi kazi hapa, watu watatusema." Suruali yake ilinyooshwa vizuri kuliko zamani, ikakunjwa, ikawekwa juu ya kiti, na hakuna sauti iliyomwita kuja kuichukua. Siku moja alipiga moyo konde, akapiga magoti mlangoni pa chumba cha nyuma.

"Nimekukosea, mama. Naomba radhi."

"Utanikosea vipi nawe hunijui?" bibi alisema huku akipuliza makaa. "Inuka, baba, utachafua suruali ya watu."

Majirani walipenda sana mchezo huo. Walidhani ni dhihaka mpya ya wale wawili. Kinyozi alikuwa akipita na kuuliza, "Bibi, yule mgeni wako bado hajaondoka tu?" na bibi anajibu, "Bado. Tena anakula vizuri," na watu wanacheka. Bibi naye anacheka. Hakumwambia mtu hata mmoja yaliyotokea langoni. Fundi alijua hivyo, na kila mtu alipocheka alihisi kama amevaa nguo ya kuazima ambayo mwenyewe anamtazama.

Michezo ikaisha kama mvua ya kupita. Wageni walikuja kwa mabasi yenye vioo vyeusi na wakaondoka kwa mabasi hayohayo. Kinyozi hakunyoa hata udevu mmoja wa ugenini. Wateja wa mshonaji walioishi nje ya uzio walizoea mshonaji mwingine. Tusidhulumu: taa za barabarani zilibaki, zikawaka, na mtaro ulioziba tangu enzi ulizibuliwa. Barabara yenyewe iliachwa laini kama kiganja cha mtoto, na mtu yeyote aliyewahi kuziba pancha anajua maana yake. Benchi la fundi halikurudishwa, na hata lingerudishwa, lingekaa bila kazi.

Lakini fundi hakulihitaji tena. Aliitwa akapewa ajira. Mlinzi wa lango la uwanja. Uwanja hauchezwi, lango halifunguliwi, naye analilinda.

Kisha akaja afisa wa tathmini. Wakazi walikusanywa kwenye ukumbi wa shule, wakakalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Bibi alikaa mbele, kwa ajili ya miguu. Afisa alikuwa mtu mwenye adabu, alivua kofia.

"Tumekuja kuwasikiliza. Swali ni moja tu. Mashindano haya yamewanufaisha ninyi wenyeji?"

Mtu akakohoa. Mtu akasema taa. Mwingine akasema taa zimesaidia kuona vizuri kwamba hakuna wateja. Afisa akatabasamu kwa shida, akauliza tena kama hakuna hata mmoja aliyefaidika.

"Yupo!" Kinyozi alisimama, akanyoosha kidole mpaka nyuma ya ukumbi. "Yule pale! Faida yetu yote imekaa kwenye dawati lile. Simama wakuone, mheshimiwa!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Afisa naye alichangamka kama aliyeona maji jangwani. "Ndugu yangu, simama. Tueleze, uliipataje kazi?"

Fundi alisimama. Bibi aligeuka kwenye dawati lake, akaweka mkono sikioni.

"Sema, kijana, sema," alisema kwa furaha. "Hata sisi tusiokujua tupate kusikia."

Vicheko tena. Na vicheko vile ndivyo vilivyomsukuma. Alikuwa amechoka kuvisikia, amechoka na kikombe chenye ua, amechoka kuwa mwizi anayekaribishwa kila siku kwenye nyumba aliyoiibia. Akafikiri, nikisema tu, utaisha.

"Niliipata kwa kusema uongo," alisema. "Mama yule aliyekaa mbele ni mama mkwe wangu. Ananyoosha nguo zenu. Alitoka zahanati, miguu imevimba, akaniita pale langoni. Nikaulizwa kama namjua. Nikasema simjui. Akakaa juani, na mimi nikaendelea kukaribisha wageni. Ndivyo nilivyofanya vizuri, nikafikiriwa."

Cheko la mwisho lilikatika katikati. Watu walimtazama yeye, kisha, wote kwa pamoja, wakamtazama bibi. Kinyozi alikaa chini taratibu, kama aliyegundua amekanyaga mkono wa mtu. Mke wa fundi aliziba uso kwa kiganja. Afisa aligeuza kalamu yake, akasafisha koo.

"Hilo... hilo ni suala la kifamilia. Sisi tunaandika ajira, imepatikana, haikupatikana."

"Imepatikana," fundi alisema.

Bibi alikuwa ameshainuka. Alijishikilia kwenye madawati, moja hadi jingine, na watu walimpisha kwa heshima ya ajabu, ile wanayopewa wafiwa. Mwanamke mmoja alimwambia, "Pole, bibi." Mwingine naye akasema pole. Akazipokea zote akiwa ameinamisha kichwa, akatoka.

Fundi alimkuta amekaa kizingitini nyumbani, viatu amevivua. Hakumkaribisha. Fundi alisimama mbele yake kwenye jua, akingoja, na moyoni mwake bado kulikuwa na kiasi kidogo cha matumaini, kama mtu aliyelipa na anangoja apewe alichonunua.

"Umepumua?" bibi aliuliza.

"Mama?"

"Nauliza, umepumua? Maana ulikuwa na mzigo, ukautua. Umeutua juu yangu." Sauti haikuwa na utani hata chembe, na fundi aligundua kwamba hakuwahi kuisikia sauti yake bila utani. "Jambo lile tulilijua watu watatu. Mimi nililigeuza mchezo, mtaa ukacheka nami, nikaweza kuishi nalo. Sasa ni nani atakayeniletea shati bila kuniambia pole? Mimi tangu leo ni yule mama aliyekanwa langoni. Ulitaka hiyo?"

"Sikufikiria hivyo."

"Hukufikiria. Kwenye foleni hukufikiria, langoni hukufikiria, na leo tena hukufikiria." Akafuta jasho la shingoni kwa ncha ya kanga. "Umeniaibisha mara mbili, mkwe."

Neno lilikuwa limetoka. Lilitoka kavu, bila kuvutwa, bila ule wimbo wa kumwita kuku. Fundi alilisikia. Alikuwa amelingoja wiki zote hizo, na sasa lilipokuja hakujua mahali pa kuliweka. Hakuthubutu kulifurahia.

Ndani, mashine ya kushona ilianza kukimbia. Bibi alijivuta upande mmoja wa kizingiti, si kumpa nafasi ya kukaa, ila ya kupita. Fundi akapita, amekunja mabega ili asimguse, akaingia ndani.